Maneno ya Mwalimu, Mdomo wa Baba

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Janga kumuaga bibi yako, na bibi yako namjua, hakuachii mpaka ule mihogo na uondoke na mingine kwenye mfuko. Kwa hiyo nina muda. Begi lako liko hapa mlangoni, limejaa mpaka zipu inalalamika, na mimi nimekaa pembeni yake na kalamu kama karani wa uchaguzi. Ukiuona mwandiko, cheka taratibu. Darasa la tano ndiyo chuo kikuu changu.

Mambo ya chandarua, dawa ya mafua, usile ovyo, usitembee peke yako, hayo mama yako ameshayasema, na atayasema tena kesho pikipiki ikiwa imeshawashwa. Mimi siyagusi. Nina jambo moja tu. Nikisema nikuite nikuambie uso kwa uso, unanijua, neno la tatu nitaweka utani, utacheka, na mimi nitacheka, utaondoka hujaambiwa kitu. Bora niandike.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili uliniomba niweke sauti yangu kwenye sinema yenu ya kitabu cha yule Mwalimu wako, nikakataa mbele ya wenzako. Hujaniomba tena. Kesho unakwenda Kisarawe kukaa kwa Mwalimu mpaka kazi iishe, na baada ya hapo Mungu ndiye ajuaye, maana mtu akishatoka kwao na begi zima harudi yule yule. Sasa sitaki uondoke ukidhani nilikataa kwa sababu nina shughuli. Shughuli gani, mwanangu? Nilikataa kwa wivu.

Haya, nimeandika. Wivu. Tena siyo ule wa kijana na mchumba wake. Ni ule wa mke mkubwa akisikia mke mdogo kanunuliwa kitanda.

Watu wanalia watoto wao wakienda Ulaya. Mimi wangu anakwenda Kisarawe, bodaboda tu, mtu anaenda na kurudi chai haijapoa kwenye chupa, na bado roho inaniuma kuliko wale wa Ulaya. Wa Ulaya anakwenda kwa wageni. Wewe unakwenda kwa baba mwingine.

Unajua ilianza lini? Siyo siku ulipokileta kile kitabu kutoka maktaba ya Tumbi. Siku ile nilifurahi, nikasema mtoto anasoma, hewala. Ukasoma, ukakirudia, ukamaliza ukakirudia tena, mpaka nikamwambia mama yako, "Huyu ama hakielewi au anatafuta kosa." Halafu ukaenda kumtafuta mwenyewe aliyekiandika, mwalimu mstaafu, ukamkuta Kisarawe nyuma ya mikorosho yake. Hapo nayo nikasema sawa. Kilichoniua ni ile asubuhi niko uani nafunga matairi ya mkokoteni, nikasikia, "Shikamoo baba." Nikaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Ukageuka ukaniangalia, simu iko sikioni. Ulikuwa unaongea na Mwalimu.

Nikaendelea kufunga tairi. Lakini tangu siku ile nikaanza kuhesabu, Mungu anisamehe. Kila "Mwalimu anasema" naiweka moyoni. Tunakula ugali, "Mwalimu anasema mtu halimi shamba, shamba ndilo linamlima mtu." Nikakuambia basi likulimie na mchicha utuletee. Ulicheka, ila ulicheka kama mtu anayemchekea mgeni.

Halafu ile video wenzako waliyokurekodi ukaeleza habari za sinema. Niliitazama kwenye simu ya fundi viatu pale kituoni Picha ya Ndege, nikaitazama tena mpaka fundi akaniambia, "Mzee Sele, bando langu." Unasema pale, mdomo wako mwenyewe, kwamba ulianza kupenda kusimulia siku uliposoma kitabu cha Mwalimu.

Zuhura. Siku uliposoma kitabu?

Na lile kreti la soda? Umesahau lile kreti? Nani alikuwa anakukalisha juu ya kreti pembeni ya maiki, kwenye banda letu la video, jenereta inanguruma nje, wewe unakula karanga na mimi natafsiri filamu? Mimi Kichina sikijui. Kihindi najua salamu na matusi. Kiingereza ndiyo hivyo tena. Lakini watu walikuwa wanatoka Mlandizi kuja kunisikiliza, wanaacha mabanda mawili njiani. Naangalia uso wa stelingi, yule shujaa wa filamu, naangalia mikono yake, namwekea maneno. Akikunja uso, anadai shamba la baba yake. Akilia, mama mkwe kamfukuza. Watu wanaridhika kabisa.

Ile ya pacha lazima unaikumbuka. Filamu ilikuwa ya diski mbili. Mwisho wa diski ya kwanza stelingi akadumbukia mtoni, nikaona watu wanasinzia, nikamuua. Nikamfanyia msiba kwenye maiki, nikamzika, wauza karanga mlangoni wakajifuta macho. Naweka diski ya pili, huyo hapo, anatoka majini amelowa. Mtu nyuma akapaza sauti, "We Sele, si umemzika huyo?" Nikashika maiki: "Nimemzika Kulwa. Huyu ni Doto, pacha wake, ameshuka kutoka Tabora kuja kulipa kisasi." Makofi mpaka mabati yakatikisika.

Tunarudi nyumbani ukaniuliza, "Baba, kweli alikuwa na pacha?" Nikakuambia hapana, ni maneno tu. Ukasema, "Sasa yule uliyemzika yuko wapi?" Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukalala na mawazo ya mtu ambaye alikufa mdomoni kwangu tu, pengine popote hajafa. Mimi nasema ulianzia pale. Kitabu kilikukuta umeshashika moto, kikapulizia. Lakini video haikusema hivyo, na mimi siwezi kwenda kwenye simu za watu wote nikaongezee.

Baadaye watu wakaanza kununua ving'amuzi, halafu zikaja simu, kila mtu na banda lake mfukoni. Nikawa natafsiria mabenchi matupu. Sikukaa kulia, unanijua. Niliuza matikiti, nikauza chaja, nikauza sufuria zinazoimba zikichemka, hizo mama yako hataki kuzisikia mpaka leo. Halafu mashamba ya hapa yakaanza kukatwa viwanja, mikorosho ikaangushwa, nikawa dalali. Udalali na banda ni kazi moja. Unasimama kwenye majani na mtu wa Dar, unamwambia, "Hapa sebule, hapa kisima, hapa watoto wanacheza," naye anaona. Ni kwa hela hiyo ulisoma.

Basi nikaomba unisomee hicho kitabu, angalau nijue mwenzangu ana nini. Ukanisomea. Mzee mmoja anakataa shamba lake lipimwe. Wanachimbia jiwe la mpaka, yeye anakwenda anakaa juu ya jiwe, anawaza. Kitabu kizima anawaza! Hapigwi mtu hata kofi. Nikasema labda mbele. Mbele anawaza zaidi. Na mtu mbaya ni mmoja tu kwenye kitabu chote, na ni nani? Dalali.

Ukasoma lile neno lake kwa sauti nzuri kabisa, unalifurahia: "Dalali huuza asichokipanda kwa mtu asiyejua kilichopandwa." Hukuniangalia uliposoma. Bora ungeniangalia.

Ndiyo maana Jumapili ilikuwa vile. Wenzako wawili wamekuja kutoka Dar, yule kijana wa kamera na yule dada wa rasta, mama yako kapika pilau, mimi nawachekesha, mambo safi. Ukasema, "Baba, tuna tatizo. Stelingi wetu haongei."

"Bubu?"

"Siyo bubu. Anawaza."

"Sasa kamera inapiga mawazo?"

Wakacheka. Ukasema, "Ndiyo tatizo lenyewe. Watu wa sasa ukiwawekea mtu kakaa kimya wanateleza na kidole, wanakwenda video nyingine. Tunataka mtu ayaseme yale mawazo juu ya picha, kama ulivyokuwa unafanya bandani. Tunakutaka wewe."

Ukanipa karatasi. Mstari wa juu kabisa ni ule wa dalali.

"Yaani nijitukane mwenyewe, na spika juu?"

"Siyo wewe, baba. Anayesema ni mzee wa kwenye kitabu."

"Na mzee wa kwenye kitabu anakaa Kisarawe, siyo? Mpelekee aseme mwenyewe, mdomo anao. Mimi mdomo wangu siukodishi kwa mtu aliyeniazima mtoto asirudishe."

Niliitoa kama utani. Mwenzako wa rasta alianza kucheka akaona wewe hucheki, akarudisha meno. Nikanawa mikono. Ulipokuwa unawasindikiza ukarudi hatua mbili, ukasema polepole, "Baba, mimi nikikisoma kile kitabu, kichwani nasikia sauti yako." Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikakujibu, "Basi kichwa chako kinilipe."

Mama yako alikuwa anakusanya sahani. Hakugomba. Alisema tu, "Baba Zuhura, leo umemla mtoto na pilau lake."

Sasa nakuambia jambo usilolijua. Jumanne nilipokuambia nakwenda Maili Moja kuonyesha kiwanja, nilikwenda Kisarawe. Nilipanda bodaboda, tukakatiza zile njia za ndani, nimekula vumbi mpaka nyusi zimekuwa nyekundu, na njia nzima natunga maneno ya kumwambia Mwalimu. Nilikuwa na maneno mazuri sana. Moja lilikuwa, "Wewe uliyesoma sana, watoto wako wako wapi mpaka uchukue wa mtu wa darasa la tano?" Bodaboda mwenyewe aliniambia, "Mzee unaongea na nani?"

Nikafika, hodi, nikamkuta amekaa kibarazani. Zuhura, hukuniambia ni mzee kiasi kile. Kichwa cheupe kama pamba. Mdomo wangu wenyewe ukasema, "Shikamoo." Basi nimeisha. Mtu ukishampa shikamoo huwezi tena kumtukana, umejipiga breki mwenyewe.

"Marahaba. Nani mwenzangu? Macho yangu yana ukungu."

"Baba yake Zuhura."

"Aaa. Wa banda la video." Kumbe ulimwambia. Nikasimama vizuri kidogo. Akaendelea, "Kama umekuja kwa habari ya ile sauti, binti nimeshamjibu. Sitaki."

"Hutaki nini, Mwalimu?"

"Kelele za banda juu ya kitabu changu."

Na hilo hukuniambia! Ulibeba kukataliwa na wazee wawili, huku na huku, na unakuja nyumbani unasema "za jioni" kama kawaida. Lakini pale sikuwaza hilo. Pale nilikasirika kitu kingine kabisa.

"Mwalimu, mbona na mimi nimekataa?"

"Vizuri. Basi tumeelewana."

"Hatujaelewana! Unanikataa vipi wakati mimi nimeshakataa?"

Akacheka mpaka akakohoa. Akanionyesha kigoda. Akaita mjukuu, likaletwa nanasi. Halafu, mwanangu, akaanza kukusema. Kwamba umemkatia sura nzima, ile mzee anaongea na mvua, sura aliyoipenda kuliko zote, umeifuta kwa sababu eti watu hawatakaa. Kwamba lori lake la wapimaji umelifanya bodaboda. Kwamba jiwe lake lilikuwa katikati ya mikorosho, wewe umeliweka nyuma ya duka la miamala ya simu. "Anakipenda kitabu," anasema, "lakini anakipenda kama mtu aliyehamia nyumba. Kila siku anavunja ukuta."

Nilitaka kufurahi. Nimekuja njia nzima nasubiri kusikia kwamba hamuelewani. Ndiyo kwanza nikajikuta nakutetea, nanasi mdomoni. "Mwalimu, lori lilikwisha zamani. Siku hizi wanakuja na bodaboda, mimi ndiye ninayewaita." Nikamwambia bandani kukiwa kimya kidogo tu, mtu anainuka kwenda kukojoa, harudi.

Akasema, "Basi na aende. Atakayebaki ndiye niliyemwandikia."

Nikachukua kipande kingine cha nanasi. Tukakaa, wazee wawili tumenuna kila mtu na upande wake, wake wenza kabisa, na mume mwenyewe hayupo, yuko Dar anatafuta kamera.

Halafu akasema, "Una macho?"

"Ninayo."

"Nisomee. Binti yako ndiye ananisomea siku hizi." Hapo wivu ukapanda tena. Mimi ulinisomea mara moja tu, tena kwa kuomba.

Nikashika kitabu, nikaweka kidole chini ya neno. Alivumilia kidogo, akasema, "Bwana, unasoma kama mtu anayevuka barabara ya Morogoro. Kifunge. Umeelewa mzee anasema nini pale?"

"Nimeelewa."

"Haya, sema."

Ni pale mzee anapoliambia jiwe: wewe umekuja jana, na unaniambia hapa ndipo ninapoishia. Baba yangu kazikwa ng'ambo yako. Sasa mimi naanzia wapi? Nikasema. Sikupiga kelele ya bandani, sikuweka pacha. Nilimwangalia tu yule babu, macho yake yenye ukungu, na nyuma yake mikorosho ambayo mimi kama dalali nilishaikadiria nilipofika, Mungu anisamehe tena, nilishajua itatoa viwanja vingapi. Nikasema nikiwa naona hiyo mikorosho.

Kuku akapita kati yetu. Mwalimu akasema, "Sentensi mbili umeziharibu."

"Samahani."

"Ya tatu ndivyo nilivyoisikia siku naiandika."

Nilitaka kumshika mkono na nilitaka kumrudishia nanasi lake. Akasema, "Mimi neno langu la kukataa nimeliondoa. Usimwambie binti, nitamwambia mwenyewe akija. Limebaki lako."

Unaona? Hata hapo kaniwahi. Nawe akikuambia, jifanye ndiyo kwanza unasikia. Mtu haoni mbele, lakini kuwa muungwana kanipita. Nilirudi na ile bodaboda roho inawaka kuliko nilivyokwenda.

Kwa hiyo nimekaa na neno langu toka Jumanne. Limenitia mawazo, na mimi mawazo sijayazoea, nasikia kama nimevaa viatu vya mtu. Nimejiona mambo fulani. Bandani nilimuua yule stelingi kwa sababu niliogopa watu wasinzie. Kwenye viwanja nimewaambia watu maji yako karibu kwa sababu niliogopa waondoke. Jumapili niliweka utani kwa sababu nilimwogopa yule dada wa rasta asione jicho langu limelowa. Kila nilipoogopa kimya nimemwaga maneno, na maneno mengine yameumiza watu, na wewe mmojawapo. Wewe usiwe hivyo. Nachukia kukupa shauri la Mwalimu, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, lakini ndilo: anayetaka kuinuka ainuke. Na ile sura ya mvua mrudishie, hata robo yake. Unajua wewe utakavyoikata. Ila usimkatie mzee kiungo anachokipenda halafu ukamsomea vilivyobaki.

Lakini na yeye usimsikilize kila kitu. Bodaboda ibaki. Duka la miamala libaki. Hapa petu ndivyo palivyo sasa, mimi mwenyewe nimepabadilisha kwa mikono yangu, kiwanja kwa kiwanja, na sitaki nione sinema inayosema mikorosho bado ipo. Na yule dalali usimpake rangi kwa ajili yangu. Mwache alivyo. Mpe tu mtoto. Mpe mtoto mmoja anayesoma, watu wajue hela inakwenda wapi. Mwalimu akikataa, mwambie aje anigombeze mimi.

Na lingine, hili ni la wivu mtupu, silifichi. Usimwite baba. Mwite Mwalimu. Mwite babu, kwa umri anastahili, hata mimi nitamwita. Mpikie, msomee, mshike mkono akienda msikitini, yote ruhusa. Neno lile moja niachie, sina jingine kubwa.

Nasikia mama yako anaongea na mtu barabarani, nadhani umeshashuka na mihogo yako. Nimalize.

Nakubali, Zuhura. Siku mtakayotaka sauti, nitakuja. Nitasema maneno yake yote, na lile la dalali nitalisema mimi mwenyewe, polepole, bila kulikwepa na bila kulichekesha. Nitaharibu sentensi, mtanirudisha, nitarudia. Sinema ikitoka, watu wakikuuliza maneno haya ya nani, sema ya Mwalimu, hiyo ni haki yake, simnyang'anyi. Wakikuuliza na hiyo sauti je, ya nani, usitaje Selemani, hakuna anayemjua Selemani.

Sema, ya baba.